Kijitabu Namba Nane

Mama mkubwa wangu Bernadeta hakujua kusoma, lakini ukimwuliza habari za nchi ile ya mbali wanakochunga ng'ombe kwa farasi, angekusimulia mpaka ugali upoe. Alijua majina ya mito yake yote. Alijua nani kamwibia nani farasi, na nani kampiga nani risasi kwa ajili ya binti yupi. Watu wa kijijini kwetu, huku juu ya Matombo, walimcheka kwa hilo miaka mingi, na mimi nilipokuwa mtoto nilicheka nao. Siku hizi sicheki. Naandika haya kwa sababu wanaomtaja humtaja kama mjane aliyepumbazwa na vitabu vya Wazungu, na maneno hayo yananikera.

Mumewe aliitwa Leonard. Alisoma misheni miaka mitano, akapata Kijerumani cha kutosha, na mapadre wakatumaini atakuwa katekista. Yeye akaenda zake kwenye machimbo ya ulanga. Ulanga ni lile jiwe linalong'aa, lenye matabaka, ambalo hupasuliwa kwa kisu tabaka baada ya tabaka mpaka ubaki na kipande chembamba unachoweza kuona upande wa pili. Leonard alikuwa mpasuaji, na mikono yake ilimetameta hata baada ya kuoga. Mama mkubwa aliniambia kwamba mwaka wa kwanza wa ndoa yao alikuwa akiokota chembe za ulanga mkekani, kwenye mboga, hata kwenye nywele zake mwenyewe. Alisema hivyo kwa kulalamika, ila uso wake haukulalamika hata kidogo.

Msimamizi wa machimbo alikuwa Mjerumani mpweke aliyeletewa vijitabu kutoka kwao kwa posta. Vilikuwa vyembamba, vya karatasi mbaya, na picha ya rangi juu, kila kimoja na namba yake. Vyote vilikuwa hadithi moja ndefu iliyokatwakatwa, na kila kipande kilikatwa pale pabaya kabisa, ili msomaji asitulie mpaka apate kinachofuata. Bwana akishamaliza kimoja alikitupa kwenye sanduku la karatasi za kufungia ulanga. Leonard aliomba apewe, akapewa. Kila kijitabu alikiwekea kipande cha ulanga juu ya picha, ili vidole vya watu visiichafue.

Jumapili alasiri, baada ya misa na chakula, alikaa barazani na watu wakaja. Alitazama maandishi kwa Kijerumani akasema kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipowapiga chenga wazee akatia Kiluguru. Hadithi ilimhusu kijana mchunga ng'ombe ambaye jina lake lilikuwa gumu kutamka, kwa hiyo watu walimwita Bwana Kofia, maana katika kila picha alikuwa na kofia kichwani, hata alipokuwa anaogelea. Alimpenda binti aitwaye Ela, na baba yake Ela alikuwa na ng'ombe elfu tatu na hakutaka mkwe asiye na hata mmoja.

Ng'ombe elfu tatu hakuna aliyewaamini, kwa kuwa kwetu huku ng'ombe hawakai, na mwenye mbuzi sita ni tajiri. Lakini hilo walilisamehe. Kilichowasumbua ni mjomba. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na anayemwoza binti ni mjomba wake. Baba, hata awe na ng'ombe wa nchi nzima, hana neno la mwisho. Wanawake walisubiri kijitabu baada ya kijitabu mjomba wa Ela atokee amalize ugomvi. Kila Jumapili waliuliza yuko wapi. Leonard alichoka kuulizwa, na katika namba tano akamtia mjomba kwa akili yake mwenyewe, amepanda nyumbu mweupe. Katika namba sita ikabidi amuue kwa homa, maana picha hazikumwonyesha, na watu wa baraza lile hawakuwa wajinga.

Halafu ikaja namba saba. Bwana Kofia alipigwa risasi ukingoni mwa genge, akatumbukia bondeni na farasi wake, na Ela alikuwa amesimama juu akiona yote. Barazani watu walilia. Agnes, dada yake Leonard, alikataa chakula cha jioni, na mjomba wao Pazi, mkuu wa ukoo, mtu mkavu asiyependa upuuzi, aliondoka bila kuaga.

Namba nane Leonard aliipata Jumamosi. Hakuifungua. Aliitia mfukoni mwa koti lake, koti la kaki alilopewa na msimamizi, akaenda nalo misa kesho yake. Alipopiga magoti kupokea komunyo kijitabu kikachomoka kikaanguka miguuni pa padre, picha juu: Ela, nywele zimefumuka na bega moja wazi. Padre aliinama akakiokota, akakitia katika mkono wa kanzu yake, akaendelea kuwapa watu Mwili wa Bwana. Baada ya misa alimwambia Leonard maneno ambayo hakuwahi kuyarudia kwa mtu, na kijitabu hakukirudisha.

Wiki chache baadaye ikaja namba tisa. Bwana Kofia alikuwa mzima, kofia kichwani, na Ela amemshika mkono.

Leonard alikasirika sana. Alisema jamaa alinusurika, na jinsi alivyonusurika imo ndani ya namba nane, kwenye mikono ya padre. Mama mkubwa akamcheka mbele ya watu. Alisema hapo hakuna kigumu chochote: Bwana Kofia alikufa, na mpwa wake amerithi jina.

Wasiotoka kwetu labda niwaeleze. Mtu mzima akifa, matanga yakishakwisha, mtoto wa dada yake hukalishwa mkekani. Mjane humpa maji kwa kibuyu na kumwita kwa jina la marehemu. Akiitika na kunywa, marehemu amerudi. Toka hapo anaitwa kwa jina hilo, shamba ni lake, na watoto wa marehemu, wakiwepo, humwita baba. Kwa hiyo baraza zima lilikubaliana na Bernadeta, na bibi mmoja alisogeza picha machoni akasema hata ukimwangalia, huyu wa namba tisa ni kijana kuliko yule wa kwanza. Leonard alibaki peke yake upande wake.

Ugomvi huo mtamu uliendelea miaka minne. Waligombana wakipalilia migomba, waligombana wakienda kisimani. Leonard alimwuliza hata msimamizi, naye akamjibu kwamba husoma ili apate usingizi, hakumbuki kitu. Padre hakuna aliyethubutu kumwuliza. Hawakujaliwa mtoto, na nafikiri hadithi ile ilikaa mahali ambapo watoto wangekaa.

Vita ilipoanza, majumbe waliamriwa kutoa wapagazi, na Leonard akawa katika kundi la pili. Mama mkubwa alimsindikiza mpaka kijitoni chini ya kijiji. Pale Leonard alivaa koti lake, akajitwisha mzigo wake, akamwambia:

"Wewe ni wa mpwa, mimi ni wa vitabu. Nikirudi nitarudi mimi mwenyewe. Wasije wakakuletea mtu mwingine ukampa maji."

Mama mkubwa aliahidi. Aliahidi huku anacheka, na kicheko kile hakujisamehe mpaka anakufa.

Katikati ya mwaka uliofuata alipanda kwetu mtu mgeni, anachechemea. Aliitwa Mikidadi, fundi wa kushona kofia kutoka Morogoro mjini, aliyebeba mizigo pamoja na Leonard mpaka akaumia mguu na kurudishwa. Alisema Leonard alikufa kwa kuhara damu, huko kaskazini, njia ya kwenda Taveta, na wamemzika kando ya njia. Alisema kwa ufupi, macho chini, akala alichopewa, akateremka.

Matanga yakaanuliwa. Pazi akaamuru mkeka utandikwe, na Dominiko aukalie. Dominiko alikuwa mtoto wa pekee wa Agnes, na Agnes alikuwa dada wa pekee wa Leonard. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mpole, mwenye haya, aliyempenda mjomba wake kupita kiasi. Mama mkubwa alipewa kibuyu. Mama yangu mzazi, aliyekuwa msichana wakati huo, alikuwa amesimama karibu, na ndiye aliyenieleza. Bernadeta alikitazama kibuyu, akamtazama kijana, akakiweka chini.

"Simpi," alisema. "Nimeahidi."

Akaenda kwa padre. Padre alidhani amekuja kuomba misa ya marehemu, na alikuwa tayari. Yeye akaomba namba nane. Mzee wa watu, nadhani aliona aibu, kwa sababu kijitabu kilikuwa bado mezani kwake katika saraka, kipande cha ulanga juu yake. Alikisoma chote kwa sauti, akitafsiri, na Bernadeta amesimama mlangoni. Basi ndivyo ilivyokuwa: mwizi alikuwa amemwibia Bwana Kofia farasi, kofia na koti, na aliyepigwa risasi ni yule mwizi. Ela aliona kofia na koti vikitumbukia, uso hakuuona. Padre alifunga kijitabu akamwambia, kwa upole, kwamba hizi ni hadithi za kuuzia karatasi. Bernadeta aliomba apewe kijitabu, akapewa.

Kesho yake alishika njia ya Morogoro, mwendo wa siku mbili. Alimkuta Mikidadi barazani kwake na kofia aliyokuwa akiishona mkononi. Hakukubali hata kuketi.

"Uso wake uliuona," aliuliza, "au uliona koti?"

Mikidadi aliendelea kushona mpaka sindano ikamchoma. Kisha akasema, "Koti."

Mama yangu anasema dada yake alirudi akiimba. Nyumbani aliweka sahani mbili kila alipopakua. Pazi alikuja na wazee mara nne, na mara nne alitoka na jibu lile lile. Shamba la migomba likaota magugu, maana mwenyewe alikuwa safarini na Dominiko hakuwa na haki ya kulishika. Kijana hakuweza hata kuoa, kwa kuwa shamba ndilo lilikuwa tegemeo lake, na hakuwahi kunung'unika. Agnes ndiye aliyekondeana. Kwake yeye kaka yake alikuwa amekufa na anasimama nje, na mtu mwenye ufunguo amekataa kufungua. Wanawake hao wawili, waliolia pamoja juu ya namba saba, wakawa hawasalimiani. Simlaumu Agnes. Wala mama mkubwa simlaumu. Ningekuwa mimi ningeshikilia koti lile lile.

Ikaenda hivyo zaidi ya mwaka, mpaka mwezi wa nane wa mwaka elfu moja mia tisa na kumi na sita, Wajerumani walipoutoka mji wa Morogoro na kupita milimani kwetu kwenda kusini, Waingereza wako nyuma yao. Walichukua mbuzi, wakachukua ndizi mbichi, wakachukua wanaume. Dominiko walimkamata njiani akitoka kuchota maji ya mama yake. Wapagazi walikusanywa kijitoni chini ya kijiji, pale pale Leonard alipovaa koti, na ikasemwa wataondoka kesho alfajiri.

Alasiri ile Agnes alikuja akaketi mbele ya mlango wa wifi yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Sina mtoto mwingine. Akienda bila jina akafia huko, kaka yangu hatakuwa na pa kurudi tena."

Mama mkubwa alichukua kibuyu na kijitabu, akateremka, Agnes na Pazi na mama yangu wakamfuata. Alitaka, alisema baadaye, amwone kijana tu. Alikuwa hajaamua kitu. Lakini katikati ya watu wale waliolala juani akamwona Mikidadi, amekamatwa mara ya pili na mguu wake mbovu. Mikidadi alimwona akageuza uso, na kwa kugeuza uso kule mama mkubwa akajua. Alichuchumaa mbele yake akamwomba amwambie sasa, kwa kuwa kesho huenda wasionane.

"Nilikudanganya, dada yangu," Mikidadi alisema. "Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Koti hakuwa nalo hata, alishampa mtu mwenye homa siku nyingi kabla. Ulikuja kwangu na uso ule, nami nikashindwa."

Mama mkubwa aliuliza kama marehemu aliacha neno.

"Kila jioni alitusimulia yule Bwana Kofia. Tulilala na njaa na hadithi. Siku ya mwisho tulimwuliza, sasa yule alipona vipi? Akasema kijitabu chenyewe hakukipata, ila mke wake anasema ni mpwa. Kisha akaniambia, mwambie mke wangu ameshinda."

Mama mkubwa alimwuliza kwa nini hakufikisha ujumbe ule siku ya kwanza. Mikidadi alisema aliyaona ni maneno ya homa tu, hakujua yana maana.

Mama mkubwa alikaa pale amechuchumaa. Mama yangu alifikiri ataanguka, akamsogelea amshike, naye akamsukuma mkono. Alikwenda kijitoni akajaza kibuyu. Mkeka haukuwepo, kwa hiyo Pazi alivua shuka lake la juu akalitandika juu ya mawe, na askari mlinzi, Mungu ambariki popote alipo, aliangalia pembeni. Dominiko alikalishwa. Mama mkubwa alipiga magoti, akashika kibuyu kwa mikono miwili.

"Leonard," aliita.

Kijana alikuwa amelisubiri jina lile zaidi ya mwaka, na sasa alikuwa anakitazama kibuyu tu. Agnes alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

"Naam," alisema mwishowe, akanywa.

"Karibu," mama mkubwa alimwambia. "Umekawia."

Mjane hutakiwa kupiga vigelegele hapo, maana mtu wake amerudi. Alipiga. Mama yangu amesikia vilio vingi katika maisha yake, vya njaa ile iliyofuata vita na vya ugonjwa ulioifuata njaa, na anasema hakuna kilichomkata maini kama vigelegele vile.

Alfajiri walirudi kijitoni kuwasindikiza. Mama mkubwa alimpa kijana namba nane, ulanga juu yake. Kijana hakujua kuisoma, lakini alimwambia hadithi yake ni ya koti, na awasimulie wenzake jioni. Hakumwachia ahadi yoyote wala hakumdai. Alimwambia tu, safari hii sichagui, aje yeyote nitampa maji. Na hakucheka.

Walivuka mmoja mmoja, mizigo vichwani. Nilizaliwa miaka kadhaa baada ya siku ile, na nimekua nikiiona ile sahani ya pili ikiwekwa mezani kila chakula, haitiwi chakula wala haiondolewi. Hakuja mtu. Wala Mikidadi hakuja.

Lakini asubuhi ile, kijana alipofika ng'ambo na kuanza kupanda, mama mkubwa alimwita. Aliita, "Leonard!" Kijana hakugeuka, kwa kuwa jina lilikuwa la jana tu na masikio yake hayajalizoea. Akaita tena. Mikidadi, aliyekuwa nyuma yake, alimgusa bega, ndipo akageuka na mzigo wake, akatafuta kwa macho ni nani anayeitwa, kisha akakumbuka ni yeye.

"Naam," aliitika, kwa sauti kubwa, mpaka upande huu wa kijito wakasikia. Mama yangu anasema ilikuwa sauti ya mjomba wa kijana yule kabisa.